Krismasi Iliyoacha Baridi Nyuma

Mwaka 354 baada ya Kristo, fundi wa maandishi aitwaye Furius Dionysius Filocalus alimtengenezea tajiri mmoja wa Roma kitabu cha kalenda. Tajiri huyo aliitwa Valentinus, na ukurasa wa kwanza unamtakia heri katika Mungu. Ndani mna picha za miji na miezi, majina ya makonsuli na ya maaskofu wa Roma, sikukuu za dola, na siku za kuwakumbuka mashahidi wa Kanisa. Kwenye orodha ya sikukuu za dola, tarehe 25 Desemba imewekwa kuwa siku ya kuzaliwa Asiyeshindwa, yaani mungu jua, na imeongezwa kwamba siku hiyo kuna mbio 30 za magari ya farasi, wakati sikukuu za kawaida zilipewa 24. Kwenye orodha ya mashahidi, tarehe hiyohiyo imeandikwa kwamba Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Uyahudi. Kitabu chenyewe kilipotea. Kilichotufikia ni nakala za nakala, na ndani yake hamna neno la kuyapatanisha mambo hayo mawili. Valentinus angeweza kwenda kusali asubuhi na kwenda uwanjani jioni, na kalenda yake ingemwongoza kote kuwili.

Sisi hatuna utulivu wake. Kila Desemba inapokaribia, simu zetu hujaa ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza hutoka kwa Wakristo wenye bidii: tarehe 25 ni siku ya mungu jua, mti ni wa kipagani, kasome Yeremia sura ya 10, kwa hiyo anayesherehekea anaabudu sanamu bila kujua. Wa pili hutoka kwa watu wenye uchungu wa historia: Krismasi ni ya Wazungu, ililetwa na meli zilezile zilizoleta bunduki, kwa hiyo Mwafrika anayesherehekea anacheza ngoma ya mwingine. Wanaotuma ujumbe huu hawapendani. Lakini wamekubaliana jambo moja bila kujadiliana: kwamba maana ya desturi imehifadhiwa pale ilipoanzia, na atakayeonyesha hati ya zamani kuliko zote ndiye mwenye kiwanja.

Nataka kubishana na jambo hilo walilokubaliana.

Hati zenyewe, kwanza, hazisomeki kirahisi hivyo. Ni kweli kwamba Kaisari Aureliano alimjengea mungu jua hekalu Roma mwaka 274, na ni kweli kwamba kwa hesabu ya kalenda ya Kirumi tarehe 25 Desemba ndiyo iliyochukuliwa kuwa siku jua linapogeuka na mchana kuanza kurefuka. Ni rahisi kusema kwamba Kanisa liliichukua siku hiyo kwa nguvu. Lakini ipo njia nyingine, iliyotetewa na mwanahistoria Mfaransa Louis Duchesne mwaka 1889. Wakristo wa magharibi walikuwa na mapokeo kwamba Yesu alisulubiwa tarehe 25 Machi. Mwandishi wa Kikristo Tertullian aliiandika tarehe hiyo mapema katika karne ya tatu. Kwa kuwa maisha makamilifu hayafai kuwa na vipande pungufu, waliona kwamba siku aliyokufa lazima iwe ndiyo siku aliyotungwa mimba. Hesabu miezi tisa kutoka 25 Machi, unafika 25 Desemba. Askofu Agostino wa Hippo anaieleza hesabu hiyo waziwazi katika kitabu chake juu ya Utatu. Upande wa mashariki walianzia 6 Aprili, wakaangukia 6 Januari, na Waarmenia wanaishika tarehe hiyo mpaka leo.

Wataalamu bado wanavutana kuhusu njia hizi mbili, nami sioni ulazima wa kuchagua moja na kuitupa nyingine. Kinachonigusa zaidi ni kwamba Wakristo wa mwanzo walikaa muda mrefu bila sikukuu hiyo kabisa. Origen wa Aleksandria, katika karne ya tatu, aliona kwamba katika Maandiko wanaoadhimisha siku zao za kuzaliwa ni watu kama Farao na Herode, na karamu zote mbili ziliishia kwa mtu kuuawa. Kwake yeye, mtakatifu hana haja na siku ya kuzaliwa. Mtu anayetafuta Ukristo wa asili usio na Krismasi hana haja ya kuwataja wapagani. Amtaje Origen tu, atakuwa amepata shahidi bora zaidi.

Karne ya tano ikafika, na Papa Leo wa Kwanza akawakuta waumini wake wakifanya jambo lililomkera. Walipokuwa wakipanda ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro kwenda kusali, baadhi yao waligeuka nyuma, wakalitazama jua linalochomoza, wakaliinamia, kisha wakaingia ndani. Leo aliwakemea katika mahubiri ya Krismasi. Alikuwa na haki ya kukasirika, ndiyo kazi ya papa. Mimi, hata hivyo, siachi kuwafikiria wale waliopanda ngazi. Hawakuwa wanakwenda kwenye hekalu la Aureliano. Walikuwa wameamka alfajiri kwenda misani. Ungewauliza wanasherehekea nini, wangekujibu kuzaliwa kwa Kristo, na wangekuwa wakweli. Viuno vyao vilikumbuka jambo ambalo vinywa vyao vilikuwa vimeshaacha kulisema. Je, tuseme maana ya asubuhi ile ilikuwa viunoni au vinywani?

Miaka kama 150 baadaye papa mwingine alikuwa na subira zaidi. Mwaka 601 Gregori wa Kwanza alimwandikia Mellitus, aliyekuwa njiani kwenda kwa Waingereza, barua ambayo mmonaki Bede wa Uingereza aliihifadhi katika historia yake. Maagizo yake ni haya: mahekalu yao yasibomolewe, zivunjwe sanamu tu, majengo yanyunyiziwe maji ya baraka, yawekwe altare, watu waendelee kukusanyika pale walipozoea. Na kwa kuwa wamezoea kuchinja ng'ombe wengi kwa ajili ya mizimu yao, wachinje bado, lakini wale nyama wakimshukuru Mungu. Sababu anayotoa ni kwamba huwezi kumvua mtu kila kitu kwa mkupuo mmoja. Anayepanda juu hupanda ngazi kwa ngazi.

Wengine huisoma barua hiyo kama ungamo la ulaghai. Mimi naiona kuwa moja ya hati zenye busara kubwa kuhusu mila, ingawa ina upofu wake. Gregori alielewa kwamba mkusanyiko una uzito wake wenyewe, kabla hata ya kuulizwa umekusanyika kwa jina la nani. Alichokosea ni kudhani kwamba kubadili jina la anayeshukuriwa kunatosha kubadili kila kitu, na kwamba anayeshika funguo za jina hilo ni askofu. Wala nyama nao wana lao. Bede mwenyewe anatuambia, katika kitabu alichoandika mwaka 725, kwamba Waingereza wa zamani waliuita usiku wa kuamkia 25 Desemba usiku wa akina mama. Ni nini hasa walichokifanya usiku huo, naye hakijui vizuri. Maana nzima ya usiku wa watu wengi imebaki jina.

Mti una hadithi ya kuchekesha zaidi, kwa sababu ndio unaosingiziwa sana. Mwaka 1605 msafiri mmoja aliandika kwamba huko Strasbourg watu husimamisha misonobari vyumbani na kuitundika waridi za karatasi, matofaa, kaki nyembamba, karatasi za dhahabu na sukari. Kwa nini matofaa? Katika kalenda ya Kanisa la zama hizo tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya Adamu na Hawa, na katika nchi za Kijerumani kulikuwa na michezo ya kuigiza bustani ya Edeni. Bustani inahitaji mti, mti unahitaji tunda, na katikati ya baridi kali mti wenye majani ya kijani ni hasa wa jamii ya msonobari. Mzazi wa karibu wa mti wa Krismasi, basi, ni jukwaa la maigizo ya kidini. Wala Yeremia hakuwa akizungumzia pambo la sebuleni; alikuwa akimcheka seremala anayechonga mungu. Baba Krismasi nampita haraka: alianza kama askofu Nikolasi wa Myra, mifupa yake ikachukuliwa hadi Bari mwaka 1087, sifa zake zikasambaa Ulaya, zikavuka bahari hadi New York, na mchoraji Thomas Nast akampa kitambi kuanzia mwaka 1863. Kampuni za soda zilimkuta ameshanenepa.

Lakini ujumbe ule wa kwanza wa simu nao una asili yake, na hapa ndipo mchezo wa kutafuta asili unapomgeukia mchezaji. Miongoni mwa waliokuwa wa kwanza kuipinga Krismasi kwa hoja ya upagani, tena kwa bidii, walikuwa Waprotestanti wakali wa Uingereza na watoto wao wa Amerika. Bunge la Uingereza lilifuta sikukuu hiyo mwaka 1647. Desemba ya mwaka huohuo wakazi wa Canterbury walifanya ghasia kuitetea. Koloni la Massachusetts mwaka 1659 liliweka faini ya shilingi tano kwa atakayekutwa akisherehekea, na sheria hiyo ikadumu hadi 1681. Mwaka 1687 mchungaji Increase Mather wa Boston aliandika kwamba tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu ya Saturnalia, karamu ya Warumi iliyoanza tarehe 17 Desemba, ambamo mabwana waliwaandalia watumwa wao meza. Huko Scotland Krismasi haikuwa siku ya mapumziko ya kitaifa mpaka mwaka 1958. Kwa hiyo anayetuma ujumbe kwamba Krismasi ni uzushi wa kipagani anarudia hoja iliyokomaa katika ugomvi wa Wazungu wenyewe kwa wenyewe, Waprotestanti dhidi ya Wakatoliki. Kama asili ndiyo inayohukumu, basi hoja hiyo nayo ihukumiwe.

Naomba sasa tushuke kusini, kwa sababu huku ndiko nadharia ya asili inakofanyiwa mtihani mgumu kuliko yote.

Wahubiri wa zamani walilipenda jua la Desemba. Agostino alihubiri kwamba Kristo amezaliwa pale mchana unapoanza kurefuka, na Yohana Mbatizaji amezaliwa Juni pale unapoanza kufupika, kwa maana mmoja lazima akue na mwingine apungue. Ni hoja nzuri kwa mtu wa Hippo. Mpeleke Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro. Huko tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka mzima haifiki nusu saa, na mrefu wenyewe ni wa Desemba. Nuru haikupotea, kwa hiyo hairudi. Hakuna theluji ya kuwafungia watu ndani, hakuna miti iliyokufa ili ule wa kijani uwe wa ajabu. Kama maana ya Krismasi ingekuwa imefungwa kwenye baridi na giza, ingefia melini kabla ya kufika Mombasa. Ilifika, ikakaa, ikapendwa.

Tuliiga mapambo, ni kweli. Watu wa bara walikata misaiprasi, wa pwani wakachukua matawi ya mvinje, wakapachika pamba kuwa theluji. Kilimanjaro jambo hilo lina utani wake wa pekee: familia inabandika pamba kwenye tawi ilhali mlangoni, mawingu yakifunguka, kilele cha Kibo kiko juu yao na theluji ya kweli. Theluji hiyohiyo ambayo mmisionari Johannes Rebmann aliiona Mei 1848 na akaandika habari zake, na mtaalamu wa ramani huko London, William Desborough Cooley, akakataa katakata, akisema haiwezekani. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, gazeti moja la London lilichapa picha ya Malkia Victoria na jamaa yake wakiuzunguka mti wa Krismasi, na picha hiyo ikaueneza mti kuliko mahubiri yoyote.

Wamisioni wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakafungua kituo Machame. Wakatoliki walikuwa wameshatangulia Kilema. Mmoja wa Walutheri hao, Bruno Gutmann, aliyeingia mwaka 1902, aliamini kwamba Kanisa lazima lijengwe juu ya ukoo, ujirani na rika vya Wachaga wenyewe, wenyeji wa mlima huo. Alikuwa na mengi ya kubishaniwa, na alitamani Wachaga wabaki mlimani vilevile alivyowakuta, jambo ambalo Wachaga hawakuwa na nia nalo. Kwenye suala la ukoo, hata hivyo, aliona mbali.

Kwa maana tazama kinachotokea Desemba. Kuanzia katikati ya mwezi, mabasi ya kwenda Moshi na Rombo hujaa, magari ya ziada hupewa vibali, na kwenye barabara ya kutoka Dar es Salaam magari hufuatana taa kwa taa. Watanzania wengine wana utani wao: Wachaga wanakwenda kuhesabiwa. Anayetania huenda hakumbuki kwamba ametaja sababu ileile ambayo Luka anaitoa kwa safari ya Yusufu. Kaisari Augusto aliamuru watu waandikishwe, kila mtu akaenda mjini kwao. Wanahistoria wana shida na aya hiyo: sensa inayojulikana ya Kirenio, liwali anayetajwa na Luka, ni ya mwaka 6 baada ya Kristo, na Herode Mkuu, ambaye Yesu alizaliwa katika siku zake, alikuwa amekufa tangu mwaka 4 kabla. Watani wa Dar es Salaam hawana shida nayo hata kidogo. Katika habari nzima ya Krismasi, kati ya malaika, nyota na mamajusi, wamechomoa safari ya kurudi kwenu kuandikwa jina.

Desturi hiyo si ya kale. Babu wa babu hakuwa na haja ya kurudi mlimani, kwa kuwa hakuwa ameondoka. Safari ilizaliwa na kahawa, shule na mshahara: vijana wakaenda Tanga, Nairobi na Dar es Salaam, kihamba, yaani shamba la ukoo lenye makazi yake, kikabaki na wazee na makaburi. Shule hufungwa Desemba, ofisi hutoa likizo, mavuno ya kahawa nayo yamekaribia kwisha. Ndivyo ilivyokuwa Ulaya pia, kwa sababu zake: Desemba mifugo ilikuwa imeshachinjwa kwa kukosa malisho, pombe imeiva, shamba limelala chini ya barafu. Sikukuu hukaa pale kazi inapopisha. Wanateolojia huja baadaye kueleza kwa nini ni pale.

Lakini ikishakaa, hudai. Hili ndilo ninaloliona kuwa la msingi, na ndilo linalonifanya nisiogope jua la Aureliano wala meli za wamisioni. Uliza desturi inamdai nani nini, utakuwa karibu na maana yake kuliko ukiuliza ilianzishwa na nani. Saturnalia ilimdai bwana ainuke ampakulie mtumwa. Maskini wa Uingereza, kabla ya wale Waprotestanti wakali kukasirika, walikwenda Krismasi kwenye milango ya matajiri wakiimba na kudai pombe na chakula, na tajiri hakuweza kuwafukuza siku hiyo. Wazanzibari wa Makunduchi, Waislamu, kila mwaka mwezi Julai huadhimisha Mwaka Kogwa, sikukuu yenye mizizi ya Nairuzi ya Waajemi: wanaume hupigana kwa migomba, kibanda huchomwa moto, na nyumba iko wazi kwa mgeni. Kuna masheikh wasioipenda. Bado anayeshuka Makunduchi siku hiyo hatafuti dini ya Waajemi. Anajua kwamba kisirani cha mwaka uliopita kinatakiwa kiishie pale uwanjani.

Mlimani, Krismasi inadai ufike. Siku chache kabla, ndizi za mbege, pombe ya Wachaga, zimeshachemshwa na kuachwa zichachuke, ulezi umemea na kusagwa, msesewe umetafutwa kwa ajili ya uchungu wake. Mbuzi akichinjwa, nyama haigawanywi kiholela: ipo ya baba mkubwa, ipo ya shangazi, ipo ya aliyechinja, na kumpa mtu kipande kisicho chake ni kumweleza mbele za watu kwamba hujui yeye ni nani kwako. Kisusio, supu ya mbuzi, kinanywewa, mtori unapikwa kwa ajili ya aliyejifungua. Watoto waliozaliwa Kinondoni, Dar es Salaam, wanaonyeshwa kaburi la mtu ambaye wanabeba jina lake. Ibada ipo, na kanisa hujaa mpaka watu husimama nje. Sidhani kama yupo anayeweza kuchora mstari na kusema hapa Ukristo umeishia, hapa Uchaga umeanza. Barua ya Gregori ingeweza kuandikiwa Marangu, tofauti ni kwamba Wachaga wameitekeleza wenyewe bila kuletewa Mellitus.

Dai hilo lina ukali wake, na sitaki kulipamba. Yupo asiyerudi kwa kuwa hana nauli, ambayo wakati huo hupanda. Yupo mwenye nauli asiyekuwa na cha kubeba, na kufika mikono mitupu kunamwogopesha kuliko kutofika. Yupo binti aliyeachika anayejua maswali atakayoulizwa jikoni. Sensa ya Augusto ilihesabu ili itoze kodi, na ya mlimani nayo hutoza. Gari unalokuja nalo linasomwa kabla hujashuka.

Baada ya Krismasi, kabla watu hawajatawanyika, koo nyingi hufanya kikao. Kuna mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na daftari. Hujadiliwa ada ya mtoto wa ndugu aliyefariki, mpaka wa kihamba, ukarabati wa nyumba ya bibi. Siku hizi linaibuka pia suala la wale walio Minnesota, Muscat au hata Mwanza, ambao hawakuja ila wametuma pesa kwa simu, wakati mwingine nyingi kuliko za waliokuja wote. Wahesabiwe kuwa wamehudhuria? Vijana husema ndiyo, kwa kuwa nyumba ya bibi inaezekwa kwa bati na bati linanunuliwa kwa fedha. Wazee husitasita. Mimi niko upande wa wazee, ingawa najua hoja ya vijana ina nguvu na ingawa paa la bibi linavuja. Mtu aliyetuma milioni hajaulizwa jikoni kwa nini hajaoa, hajakabidhiwa kipande chake cha nyama mbele ya wenzake, hajamwomba kaka yake radhi kwa maneno ya mwaka juzi. Katibu angekuwa mimi, ningeliandika jina lake kwa heshima zote kwenye safu ya waliochangia, na kwenye safu ya waliofika ningeacha nafasi yake wazi.